MADOA, UMATI NA WATU: UPATANISHO WA KISARUFI KATIKA USOMAJI WA PICHA YA CLAUDE MONET, BOULEVARD DES CAPUCINES

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 15 Aprili 1874, mjini Paris, wachoraji wapatao 30 walifungua maonyesho yao wenyewe katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, nambari 35, Boulevard des Capucines. Maonyesho hayo yalidumu mwezi mmoja. Kiingilio kilikuwa faranga moja, na milango ilifunguliwa mchana, kisha ikafunguliwa tena usiku kuanzia saa 2 hadi saa 4. Miongoni mwa kazi zilizotundikwa humo ilikuwamo picha ya Claude Monet (1840-1926) iliyoonyesha barabara ile ile iliyokuwa chini ya madirisha ya vyumba hivyo. Mtazamaji aliweza kuitazama barabara katika picha, kisha akageuka na kuitazama kupitia dirishani.

Picha hiyo ilizusha mabishano ambayo hadi leo yana mafunzo. Waliyoyaona waliipinga au waliisifu, lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: ukiisogelea mno, watu wanatoweka, na kinachobaki ni madoa ya rangi. Makala hii inakusudia kueleza ni jambo gani hasa hubadilika mtazamaji anaposogea mbele au kurudi nyuma. Hoja inayotetewa ni kwamba badiliko hilo si la macho pekee, bali pia ni la uainishaji: kile kilichohesabiwa kuwa kitu huanza kuhesabiwa kuwa mtu, au kinyume chake. Kiswahili humlazimisha msemaji kuutangaza uainishaji huo katika kitenzi, kivumishi na kiashiria. Kwa sababu hiyo kinampa mfafanuzi chombo ambacho mhakiki wa Kifaransa wa mwaka 1874 hakukipata katika sarufi yake. Kifaransa hugawa nomino kwa jinsia ya kiume na ya kike, lakini kitenzi chake hakitofautishi mtu na doa.

Haidaiwi hapa kwamba Monet alifikiri kwa ngeli, wala kwamba picha hiyo inawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Linalodaiwa ni kwamba anayeieleza picha hii kwa Kiswahili hana njia ya kukwepa swali ambalo picha yenyewe inaliuliza. Kila anapotaka kusema jambo, sharti kwanza achague: yale, ule au wale?

2.0 Barabara na Picha Zake Mbili

2.1 Barabara

Neno boulevard lina historia inayofaa kutajwa. Asili yake ni neno la Kiholanzi cha zamani lililomaanisha boma la kujihami. Katika karne ya 17, wakati wa mfalme Louis XIV, kuta za ngome za upande wa kaskazini wa Paris zilibomolewa, na mahali pake zikatengenezwa njia pana zilizopandwa miti. Jina la boma likahamia kwenye njia. Hivyo mahali palipojengwa ili kuwazuia watu pakawa mahali pa watu kupita, na neno likabaki na sauti zake ilhali maana yake imepinduka.

Boulevard des Capucines ni mojawapo ya njia hizo kongwe, na ilipewa jina kutokana na nyumba ya watawa wa kike iliyokuwa jirani. Katika karne ya 19 sura ya eneo zima ilibadilishwa. Kati ya mwaka 1853 na 1870, chini ya Napoleon III, mkuu wa mkoa wa Seine, Georges-Eugène Haussmann, alisimamia upasuaji wa mji: mitaa ya zamani ilivunjwa, njia pana zikanyooshwa, na majengo marefu ya kimo kimoja yakapangwa pande zake. Grand Hôtel, ambayo jengo lake linaonekana upande wa kushoto wa picha, ilifunguliwa mwaka 1862. Jumba jipya la Opera lililo karibu lilikuwa bado linajengwa Monet alipochora. Lilifunguliwa mwaka 1875.

Baina ya ujenzi huo na picha hii kulitokea vita. Mwaka 1870 Ufaransa ilishindwa na Prussia, na Paris ikazingirwa. Mwezi Machi 1871 wakazi wa mji huo walianzisha serikali yao, yaani Komuni ya Paris, ambayo ilizimwa na jeshi la serikali katika juma la mwisho la Mei mwaka huo huo, na maelfu ya watu wakauawa. Monet mwenyewe alikuwa amekimbilia London wakati wa vita. Kwa hiyo, mwaka 1874, umati katika barabara ya Paris haukuwa jambo jepesi. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu umati wa mji ule uogopwe, usifiwe, na upigwe risasi.

2.2 Picha

Zipo picha mbili za Monet zenye jina hili, zote zikihusishwa na majira ya mwaka 1873 hadi 1874. Ya kwanza imesimama wima, ina kimo cha sentimita 80 hivi na upana wa sentimita 60, na imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Nelson-Atkins, Kansas City, Marekani. Ya pili imelala, vipimo vyake vikiwa karibu kinyume cha hivyo. Iliwahi kumilikiwa na mkusanyaji Ivan Morozov na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Pushkin, Moscow. Wataalamu wamebishana kuhusu ipi kati ya hizo ilitundikwa mwaka 1874. Kwa hoja ya makala hii jibu halina uzito mkubwa, kwa kuwa namna ya kuwachora watu ni moja katika zote mbili.

Tofauti iko katika mwanga. Picha ya Moscow ina jua: upande mmoja wa barabara umeoga mwanga wa rangi ya dhahabu na upande wa pili umo kivulini. Picha ya Kansas City ni ya siku ya baridi, na mwanga wake umetulia na kuelekea ubuluu. Katika picha hiyo miti iliyo uchi inaukata mtaa kama utando, magari ya farasi yamepangana, na upande wa kulia msongamano wa watu umejaza njia ya waendao kwa miguu. Karibu na chini, kulia, yapo maputo ya rangi ya waridi. Kwenye ukingo wa kulia kabisa wanaonekana wanaume wenye kofia ndefu nyeusi wakichungulia kutoka kwenye roshani, miili yao ikiwa imekatwa na mpaka wa picha.

Watu walioko chini wamechorwa kwa uchache wa kushangaza. Aghalabu mtu mmoja ni mguso mmoja au miwili ya brashi: mstari mfupi wa rangi nyeusi au ya bluu iliyoiva, na nukta juu yake. Hana uso. Hana mikono. Miguu, kama ipo, imeungana na rangi ya ardhi. Hakuna mstari wa mpaka unaotenga mwili mmoja na mwingine. Pamoja na hayo, mtu akisimama hatua chache nyuma, hapati shaka hata kidogo kwamba barabara ile imejaa watu na kwamba watu hao wanakwenda.

3.0 Hukumu Mbili za Mwaka 1874

Tarehe 25 Aprili 1874 mwandishi Louis Leroy alichapisha makala ya kejeli katika gazeti la Le Charivari. Aliiandika kwa umbo la mazungumzo ya kubuni baina yake na mchoraji mzee, mfuasi wa mapokeo, wanapozunguka maonyesho. Wafikapo mbele ya picha hii, mzee anauliza ni nini yale marefu meusi yasiyohesabika yaliyo chini ya picha, kana kwamba kitu kimelamba turubai. Anajibiwa kwamba ni watu wanaotembea. Hapo anapandwa na hasira na kuuliza kama yeye mwenyewe anafanana na vile anapotembea katika barabara hiyo. Picha nyingine ya Monet, Impression, soleil levant, iliyofuata mara moja katika katalogi (hii ikiwa nambari 97, ile nambari 98), ilimpa Leroy neno la kuchezea, na kutokana na kejeli yake kundi zima likapata jina. Mwaka 1877, katika maonyesho yao ya tatu, wachoraji wenyewe walilikubali jina walilotukanwa nalo.

Tarehe 7 Mei 1874 Ernest Chesneau aliandika katika Paris-Journal hukumu ya kinyume. Alisifu namna ambavyo vurugu na wepesi wa barabara, msukumano wa umati na mtikisiko wa mwanga, vilinaswa kwa mara ya kwanza katika picha hii. Hata hivyo naye alikiri kwamba ukisogea karibu yote huyeyuka, na mbele ya macho hubaki mabaki ya rangi yasiyosomeka.

Ni dhahiri kwamba wahakiki hawa wawili hawakutofautiana juu ya walichokiona. Walitofautiana kuhusu mahali pa kusimama. Leroy alimsimamisha mzee wake karibu, akadai kwamba ukweli wa picha uko pale. Chesneau alirudi nyuma, akadai kwamba uko kule. Lakini kueleza tofauti hiyo kwa umbali pekee hakutoshi. Umbali unaeleza ni lini badiliko linatokea. Hauelezi ni badiliko la nini.

4.0 Sarufi ya Mtazamo

4.1 Umbo na upatanisho

Tuchukue sehemu moja tu ya picha, yaani kona ya chini upande wa kulia, na tuielezee kwa sentensi tatu:

(1) a. Madoa yale yametapakaa upande wa kulia.
    b. Umati ule unasonga upande wa kulia.
    c. Watu wale wanasonga upande wa kulia.

Sentensi zote tatu ni za kweli, na zote zinarejelea rangi ile ile iliyo mahali pale pale. Tofauti imebebwa na viambishi: ya-, u- na wa-. Katika (1a) kinachotajwa ni vitu vilivyotulia. Kitenzi chenye -me- kinaonyesha hali iliyokwisha kufikiwa. Katika (1b) kuna mwendo, lakini mwendaji ni mmoja, mkubwa, asiye na viungo. Katika (1c) wendaji ni wengi, na kila mmoja anaweza kuhesabiwa. Inafaa kukumbuka kwamba hata katika matumizi ya kawaida mpaka baina ya (b) na (c) hautulii. Sarufi sanifu hudai umati wa watu ulikusanyika, lakini masikio husikia kila siku umati wa watu walikusanyika. Msemaji huanza na umbo la kundi, kisha maana ya watu ikamshinda kabla hajafika kwenye kitenzi.

Kosa hilo, kama ni kosa, linafichua kanuni pana. Katika Kiswahili upatanisho haufuati umbo la nomino siku zote. Nomino yenye kutaja kiumbe hai, hata iwe na umbo la ngeli ya vitu, hupatanishwa kwa a-/wa-:

(2) a. Kijana anavuka barabara.
    b. Kipofu ameketi kando ya njia.
    c. Rafiki yangu amefika.

Kijana na kipofu yana umbo la kitu au kisu, na laiti umbo lingetawala, ingetubidi kusema kinavuka na kimeketi. Mfano wa (2c) unavutia zaidi. Kimilikishi yangu kimefuata umbo la nomino, ilhali kitenzi amefika kimefuata maana yake. Katika sentensi moja fupi nomino ile ile imehesabiwa kwa njia mbili, na hakuna msikilizaji anayetatizika.

Hapa ndipo picha ya Monet inapopata maelezo yake. Kila mguso wa brashi katika barabara ile una umbo la doa na upatanisho wa mtu. Umbo lake, likichunguzwa peke yake, halina lolote la kibinadamu. Linapata hadhi ya mtu kutokana na yale yanayolizunguka: ukubwa wake ukilinganishwa na mti na gari, mahali pake juu ya njia, mwelekeo wake sambamba na mingine. Ni sawa na nomino kijana, ambayo ki- yake haituambii kwamba ni mtu. Kinachotuambia ni a- iliyo katika kitenzi. Mzee wa Leroy aliisoma picha kwa kulitazama umbo la kila neno, akakataa kusikiliza sentensi. Wanaisimu hawapaswi kumshangaa sana, maana hata sauti za lugha, zikitengwa moja moja, hazina maana. Sauti /m/ haina maana yoyote mpaka itofautiane na nyingine mahali maalumu.

4.2 Kiashiria na umbali

Suala la umbali linaweza sasa kuelezwa kwa usahihi zaidi. Viashiria vya Kiswahili hupanga ulimwengu kwa kadiri ya ukaribu: hawa kwa walio karibu, wale kwa walio mbali. Katika maisha ya kawaida, mtu aliyeko dirishani akishuka ngazi na kuingia barabarani, wale huwa hawa. Ngeli haibadiliki; kinachobadilika ni umbali tu. Kadiri anavyosogea ndivyo anavyozidi kuwaona: nguo zao, nyuso zao, hata pumzi zao katika baridi.

Mbele ya picha hii utaratibu huo unavunjika. Anayeyasogelea maumbo aliyoyaita wale hawafikii hawa. Anafika kwenye haya:

(3) a. barabarani: watu wale → watu hawa
    b. mbele ya picha: watu wale → madoa haya

Ukaribu, ambao kwa desturi huzidisha utu wa tunayemtazama, hapa unauondoa. Inaonekana hili ndilo lililowaudhi watazamaji wengi wa mwaka 1874, ingawa walililalamikia kwa jina la uzembe wa mchoraji. Katika picha walizozizoea, mtu aliposogea alilipwa: aliona vifungo vya koti, kope za macho, ustadi wa mkono. Monet hakuwapa malipo hayo. Aliwapa watu kwa sharti kwamba wakae mbali, kama mtu aliyeko roshanini anavyokaa mbali.

Wale wanaume wenye kofia ndefu kwenye ukingo wa kulia wanatilia nguvu maelezo haya. Wao wamechorwa wakubwa kuliko waliomo barabarani, kwa kuwa wako juu, upande wa mtazamaji. Kwao hatuhitaji kurudi nyuma ili tuseme hawa. Picha imeweka ndani yake mfano wa nafasi ambayo imeichagua kwa ajili yetu: nafasi ya anayetazama chini na kusema wale.

4.3 Mwendo na kutendana

Jambo la tatu ni mwendo. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, barabara nyingine ya Paris, kutoka dirisha la juu. Kwa kuwa bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kila kilichotembea kilifutika. Barabara yenye pilikapilika ilitoka tupu, isipokuwa umbo la mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Kamera ile ilimhifadhi aliyetulia na kumtowesha aliyekwenda. Katika miaka ya 1860 muda wa kupiga picha ulipungua, na wapita njia wakaanza kuonekana, mara nyingi wakiwa na viungo vilivyofifia.

Monet alichora katika jengo la mpiga picha, lakini hakuna haja ya kudai kwamba aliiga kamera. Inatosha kusema kwamba alikabili tatizo lile lile na kulitatua kwa njia yake: alihifadhi mwendo na kuacha sura. Kisarufi, picha ya Daguerre ni sentensi ya -me-, inayohifadhi kilichokwisha kutulia. Picha ya Monet ni sentensi ya -na-, inayoshika tendo kabla halijaisha na kwa hiyo haiwezi kumtaja mtendaji kwa ukamilifu.

Isitoshe, matendo ya barabarani hayasemeki kwa mtu mmoja. Watu hupishana, hukutana, huepukana, husongamana. Vitenzi hivi vyote vinahitaji zaidi ya mshiriki mmoja: haiwezekani kupishana peke yako. Miguso ya Monet ni ya aina hiyo. Mguso mmoja ukitolewa na kuwekwa juu ya turubai tupu, hauwi mtu aliye peke yake. Hauwi mtu kabisa. Methali isemayo mtu ni watu kwa kawaida hutumiwa kuhimiza ujima. Hapa inaeleza kwa usahihi jinsi picha inavyofanya kazi.

5.0 Doa na Utu

Maelezo yaliyotolewa hadi hapa yanaweza kuonekana kama ushindi rahisi kwa Monet dhidi ya Leroy. Lakini swali la mzee wa kubuni halistahili kupuuzwa haraka. Anapouliza kama yeye mwenyewe anafanana na madoa yale, anahama kutoka nafsi ya tatu kwenda nafsi ya kwanza. Haulizi tena juu ya wao. Anauliza juu ya mimi. Je, ni haki mimi kugeuzwa doa?

Kiswahili kinalijua swali hilo vizuri, maana upatanisho wa kibinadamu unaweza pia kunyimwa kwa makusudi:

(4) a. Mtoto yule analia.    b. Kitoto kile kinalia.
    c. Mtu yule anakuja.     d. Jitu lile linakuja.

Katika (4b) na (4d) msemaji hajakosea. Ameamua. Anaweza kuwa anadunisha, anadhihaki, anaogopa, au pengine anabembeleza. Kwa vyovyote vile amechukua hatua inayohusu utu wa anayetajwa. Ikumbukwe kwamba maneno mtu, kitu, jitu na utu yana mzizi mmoja, -tu. Kinachotenga mtu na kitu si mzizi bali kiambishi, na kiambishi huwekwa na anayesema. Mguso wa brashi wa Monet unaweza kulinganishwa na mzizi huo ulio uchi: -tu isiyokuwa bado na kiambishi, ikimngoja mtazamaji aamue.

Miaka mitatu baada ya Komuni, uamuzi huo haukuwa wa kisarufi pekee. Mtazamo wa juu, kutoka dirishani, ndio mtazamo wa anayefurahia pilikapilika za mji. Ndio pia mtazamo wa mlinzi anayeuhesabu umati kama hatari. Picha haina njia ya kumzuia mtazamaji asiwe wa aina ya pili. Inachoweza kufanya, na inachofanya, ni kumfanya atambue kwamba kuona watu pale ni tendo lake mwenyewe. Zaidi ya hayo, katika barabara hii mwuza maputo na mwungwana mwenye kofia ndefu wamepewa kipimo kimoja cha rangi. Hakuna aliyepewa uso ilhali mwingine amenyimwa. Usawa huo una baridi yake, maana ni usawa wa kutotambuliwa. Hata hivyo ni usawa.

Ulinganisho na wachoraji wawili wa zama hizo utaliweka jambo hili wazi zaidi. Mwaka 1877 Gustave Caillebotte alionyesha picha kubwa ya makutano ya mitaa ya Paris siku ya mvua, ambayo sasa iko katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago. Upana wake unazidi mita mbili na nusu. Watu walioko mbele wanakaribia ukubwa wa binadamu halisi. Pete ya sikio la mwanamke inaonekana, na vifungo vya mwanamume vinahesabika. Hao ni hawa kamili, wa karibu na wa mbali. Lakini hawasongamani. Kila mmoja au kila jozi imejifungia chini ya mwavuli, na macho hayakutani. Caillebotte alimpa kila mtu upatanisho wake na kuuondoa umati.

Camille Pissarro, kwa upande wake, alikodi chumba katika hoteli mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 66, kwa sababu maradhi ya jicho yalimzuia kufanya kazi nje. Kutoka dirishani alichora Boulevard Montmartre mara 14: katika ukungu, katika jua, katika mvua, alasiri, na mara moja usiku chini ya taa. Watu wake ni miguso kama ya Monet. Lakini kwa kuwa barabara ni moja na picha ni nyingi, mtazamaji anaanza kuhisi kwamba wanaopita leo sio waliopita jana. Marudio ya Pissarro yanarejesha kidogo kile ambacho mguso mmoja ulikiondoa: hisia kwamba kila doa lilikuwa na njia yake ya kwenda.

6.0 Suala la Istilahi

Yafaa kugusia tatizo la istilahi, kwa kuwa walimu na watafsiri hulikabili mara kwa mara. Neno la Kifaransa impression lina asili ya Kilatini yenye maana ya kukandamiza juu ya kitu hadi alama ibaki. Kwa Kiswahili limewahi kuelezwa kwa maneno kama hisia, taswira au athari. Hisia hupeleka jambo lote ndani ya moyo na kusahau jicho. Taswira hudokeza sura iliyokamilika, ambayo ndiyo hasa wachoraji hawa waliikwepa. Athari lina asili inayofaa mno, kwani katika Kiarabu neno lake la msingi hutaja alama au unyayo unaobaki. Lakini katika Kiswahili cha leo mara nyingi hubeba maana ya madhara.

Pendekezo linalotolewa hapa ni kwamba jina la mkondo liendelee kukopwa, yaani impreshonizimu, kwa kuwa ni jina la kihistoria lililozaliwa katika kejeli maalumu. Katika maelezo, hata hivyo, neno mguso lina faida ya pekee. Hutaja brashi inapogusa turubai, na pia hutaja jambo linapogusa nafsi. Katika picha iliyojadiliwa hapa, mambo hayo mawili hutokea mahali pamoja.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mabishano juu ya Boulevard des Capucines yanaeleweka vyema zaidi yakichukuliwa kuwa mabishano ya upatanisho. Umbo la kila mguso ni la ya-. Jumla ya miguso ni ya u-. Na maana inayoibuka kwa mtazamaji aliyesimama mahali panapofaa ni ya wa-. Hakuna hata kimoja kati ya viambishi hivyo kinachoifuta picha ya kingine. Vyote vitatu vimo katika turubai moja, kama ambavyo rafiki yangu amefika hubeba hesabu mbili katika pumzi moja.

Matokeo haya yana manufaa kwa ufundishaji. Mwanafunzi anayeombwa kueleza picha kwa Kiswahili mara nyingi hupewa orodha ya msamiati: rangi, mwanga, kivuli, mandhari. Msamiati huo unahitajika, lakini viambishi ambavyo mwanafunzi huvitumia bila kufikiri hubeba uamuzi mzito kuliko nomino anazozitafuta kwa shida. Akiandika yametapakaa, amekwisha kuamua. Akiandika wanapishana, ameamua vingine. Mwalimu akimsimamisha hapo na kumwuliza kwa nini, somo la sarufi na somo la sanaa yatakuwa somo moja.

Na swali la mzee wa Leroy linabaki na jibu lake. Ndiyo, kwa aliyeko juu, kila anayepita chini hufanana na doa, na mzee naye ni mmojawapo. Kila mimi wa barabarani ni yule wa dirishani. Kwamba aliyeko juu anasema yule, wala hasemi lile, ni jambo ambalo rangi haiwezi kumlazimisha. Hilo ni juu yake.